Mvuke wa opioidi na kanabinoidi kwa panya wa maabara: tulinganisheje dozi na athari?

Msomi_Famakolojia ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa mapitio ya tafiti kuhusu panya wanaovutishwa mvuke wa THC (kanabinoidi inayolevya iliyomo katika bangi) au wa heroini (mojawapo ya opioidi, dawa za jamii ya mofini), na kuna jambo linanitatiza. Katika tafiti za sindano, kipimo huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, lakini katika tafiti za mvuke ninakuta tu dakika za kuvuta na kiasi cha dawa kilichowekwa kwenye kimiminika. Je, inafaa kulinganisha makundi haya mawili? Na kwa nini joto la mwili la panya aliyevuta THC hurejea katika hali yake baada ya saa chache, ilhali yule aliyechomwa sindano ya tumboni hubaki na ubaridi kwa muda mrefu zaidi?

Mtafiti_Mwandamizi amejibu:

Ndugu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake linafungua la kwanza. Mvuke unapofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, THC huingia katika damu inayorudi moja kwa moja upande wa kushoto wa moyo na kusukumwa hadi kwenye ubongo kabla ya kupita kwenye ini. Kiwango chake katika damu hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka haraka kadiri dawa inavyosambaa katika tishu, hasa mafuta. Sindano ya tumboni, kinyume chake, hufyonzwa polepole, na sehemu kubwa yake hupitia kwanza kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa 11-hidroksi-THC, kampaundi ambayo nayo ina nguvu ya kulevya. Kwa hiyo tofauti haiko katika muda peke yake: wanyama hao wawili hawana mchanganyiko uleule wa kampaundi katika damu.

Kuhusu dozi, msimamo wangu ni thabiti: dakika za kuvuta si dozi. Panya anayetulia kwa sababu ya dawa hubadilisha upumuaji wake, na hivyo hubadilisha kiasi anachoingiza. Tena katika chemba ambamo mwili mzima umo ndani ya mvuke, dawa hutua kwenye manyoya, naye huilamba anapojisafisha. Kifaa kinachofikisha mvuke puani pekee huondoa tatizo la manyoya, lakini humlazimu mnyama kubanwa, na msongo wa kubanwa pekee unatosha kubadilisha joto la mwili na mwitikio wa maumivu. Utafiti usiopima kiwango cha dawa katika plazma ya damu (sehemu yake ya majimaji), wala kuwa na kundi lililovuta mvuke wa kiyeyushi kitupu kama propilini glikoli, singeutumia kwa ulinganisho wowote wa dozi.

Daktari_wa_Wanyama amejibu:

Ninaunga mkono hoja ya plazma, na ninaongeza joto la chumba. THC hushusha joto la mwili kwa kuamsha vipokezi vya CB1, yaani protini za seli ambazo kanabinoidi hujishikiza, lakini kina cha mshuko huo hutegemea pia mazingira, kwani katika chumba chenye joto mshuko hupungua. Panya wadogo (mice) wana eneo kubwa la ngozi kwa uzito wao, hivyo hupoteza joto upesi kuliko panya wakubwa (rats). Tafiti zisizotaja joto la chumba hunisikitisha, kwa sababu wanyama wametumika na matokeo hayafasiriki.

Msomi_Famakolojia:

Ninashukuru sana, wakubwa wangu. Sasa upande wa opioidi: ikiwa heroini na THC zote huchelewesha panya kuuondoa mkia wake kwenye maji ya moto, tutajuaje kwamba zinafanya kazi kwa njia tofauti? Na je, panya huutafuta mvuke huo kwa hiari?

Mtafiti_Mwandamizi amejibu:

Hapo ndipo vizuia-vipokezi, dawa zinazoziba vipokezi, vinapohitajika. Naloksoni hufuta athari ya heroini kwa kuziba vipokezi vya myu, ambavyo opioidi hujishikiza, na rimonabanti hufuta ile ya THC kwa kuziba CB1. Tazama pia athari zote kwa pamoja badala ya mkia peke yake. THC kwa dozi za kutosha huleta mambo manne: mwendo kupungua, mwili kuganda katika mkao mmoja, joto kushuka na mwitikio wa maumivu kudhoofika. Opioidi huenda njia nyingine: kwa panya wakubwa, dozi ndogo ya mofini huweza kupandisha joto na kubwa ikalishusha, huku utulivu wa mwanzo ukifuatwa na uchangamfu wa kupindukia.

Kuhusu hiari, ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba panya huingiza pua tunduni ili wapate mvuke wa sufentanili, opioidi yenye nguvu sana, na waliopewa muda mrefu kila siku waliongeza matumizi yao, kisha wakaonyesha dalili za arosto walipopewa naloksoni. Kwa THC kazi hii imekuwa ngumu zaidi kwa miaka mingi, hasa kwa njia ya mshipa.

Daktari_wa_Wanyama amejibu:

Usisahau upumuaji. Vipokezi vya myu vimo katika sehemu za shina la ubongo zinazoendesha pumzi, ilhali CB1 ni vichache mno huko. Ndiyo sababu fentanili, nayo opioidi kali, huweza kumuua panya kwa kuzima pumzi, jambo ambalo THC pekee haifanyi kwa urahisi. Zinapotolewa pamoja, THC huweza kuongeza uwezo wa opioidi wa kupunguza maumivu, lakini wengi hukimbilia kusema kwamba basi mchanganyiko huo ni salama zaidi. Jaribio la mkia halipimi pumzi. Katika mapitio yako, tenga jedwali la tafiti zilizopima upumuaji kwa pletismografia (kupima pumzi ya mnyama akiwa ndani ya chemba), na zile ambazo hazikupima usizihusishe na hoja ya usalama.

Msomi_Famakolojia:

Nimeelewa. Nitaanza kwa kuondoa tafiti zisizo na vipimo vya plazma kwenye ulinganisho wa dozi, kisha nitatenga jedwali la upumuaji kama ulivyoelekeza.