Ada wanachukua, mashahidi wanasikiliza, hukumu ikikaribia ndipo wanakumbuka hawana mamlaka!

Wakuu, heshima zenu.

Nina hasira, kwa hiyo nikiteleza adabu mahali mnivumilie. Shauri la kiwanja la baba yangu mdogo limefutwa juzi na baraza moja la ardhi na nyumba la wilaya, silitaji. Mzee hakushindwa, na mpinzani wake naye hakushinda. Limefutwa kwa sababu baraza hilohilo lililopokea ada, likatoa wito, likaenda kukagua eneo la mgogoro na kusikiliza mashahidi wa pande zote, limegundua kuwa halikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Wamegundua watu tukiwa tunasubiri tarehe ya hukumu!

Niwape mkasa wenyewe. Mzee alinunua kiwanja, mauziano yakaandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wapo. Baadaye akatokea kijana na barua ya toleo ya halmashauri, yaani barua ya kumgawia kiwanja, kwa kiwanja hichohicho, akashusha mawe na mchanga. Mzee akaanzia baraza la kata kama sheria inavyomtaka. Zamani kata ilikuwa na uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi usiozidi shilingi milioni 3. Mabadiliko ya 2021 yameliondolea uwezo huo, siku hizi kata inasuluhisha tu, na bila cheti chake kwamba usuluhishi umeshindikana huendi mbele, isipokuwa siku 30 ziwe zimepita bila wao kufanya kitu. Hapo mzee alipita vizuri, cheti anacho.

Akaenda wilayani. Mabaraza ya wilaya yanasikiliza migogoro ya ardhi na nyumba hadi thamani ya milioni 300. Kiwanja cha mzee hakifiki huko hata ukikithamini na mwembe uliomo. Akamshtaki kijana peke yake, kwa sababu ndiye aliyemwaga mchanga.

Sasa hapa ndipo sikilizeni kwa makini. Wakili wa kijana akaweka pingamizi la awali: mteja wangu kagawiwa na halmashauri, halmashauri ni mhusika wa lazima, bila yeye shauri hili halisimami. Mwenyekiti wa baraza akakubali, akaamuru halmashauri iunganishwe. Mzee akarekebisha maombi, akachapa upya, akapeleka wito. Halmashauri ikaja na mwanasheria wake, akaandika majibu, akahoji mashahidi wetu, akaleta na wa kwake kutoka idara ya ardhi. Ushahidi ulipofungwa, mwanasheria yuleyule akasimama kusema kwamba baraza halina mamlaka, kwa kuwa ndani ya shauri yumo mteja wake.

Na kisheria yuko sahihi, ndiyo maana naumia. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilirekebishwa na Sheria Namba 1 ya 2020. Tangu hapo ukiishtaki halmashauri umeishtaki Serikali. Unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Usipomuunganisha, mwenendo mzima unabatilika.

Kwa hiyo usipoiweka halmashauri, shauri bovu. Ukiiweka, baraza halina mamlaka. Na aliyeamuru iwekwe ni baraza lenyewe! Ni sawa na kukatiwa tiketi ya Moshi, halafu mkifika Chalinze kondakta anakwambia gari hili ni la Morogoro, shuka, na nauli hairudi.

Najua mawakili mliomo humu mtakuja na "kutojua sheria si utetezi". Sawa. Sasa mle ndani nani alitakiwa kuijua? Mzee ni fundi seremala. Mwenyekiti wa baraza ni mwanasheria kwa mujibu wa sheria iliyomweka pale. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1995 kwamba suala la mamlaka ndilo mzizi wa uwezo wa mahakama kusikiliza jambo lolote, na kwamba mahakama inapaswa kujiridhisha nalo mwanzoni kabisa. Hawakusema msubiri mpaka mashahidi wachoke. Siku ile mwenyekiti anaandika amri ya kuiunganisha halmashauri, sheria ya 2020 ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi. Ilihitaji sentensi moja tu: mzee, ukimweka huyu njia yako ni Mahakama Kuu, nenda katoe notisi. Angeondoka mapema na akiba yake ya uzeeni.

Mtasema pia kwamba pingamizi la mamlaka huwekwa wakati wowote, hata kwenye rufaa, na kwamba pande mbili haziwezi kukubaliana kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Hilo silipingi. Lakini tazameni Sheria ya Mwenendo wa Madai inavyofanya kuhusu mahali pa kufungulia kesi. Ukiona umeshtakiwa mkoa usiohusika, useme mapema kwenye mahakama ya kwanza. Ukinyamaza, kwenye rufaa hawakusikilizi, labda uonyeshe kuwa haki ilipotea. Maana yake watunga sheria wanajua fika kuwa kuna watu huficha pingamizi mfukoni ili walitoe wakiona wanashindwa. Kama hoja ya mamlaka haiwezi kuwekewa ukomo, basi anayeificha alipe gharama zote za mwenzake! Kwenye uamuzi wetu wameandika kila mtu abebe gharama zake. Halmashauri ilikuwa imebeba gharama gani, mafuta ya gari la umma?

Na hili la ardhi ni afadhali. Kwenye madai mengine unakuta mtu hajui aanzie mahakama ipi kabisa. Sheria inasema anza na mahakama ya chini yenye uwezo. Mahakama ya mwanzo mwisho milioni 50 kwa mali isiyohamishika na milioni 30 kwa mengine. Ya wilaya na ya hakimu mkazi ni 300 na 200. Likiitwa shauri la kibiashara namba zinashuka hadi 100 na 70. Watu wanadhani wakiandika milioni 500 za fidia ya jumla, ile ambayo kiasi chake hukadiriwa na mahakama, kwa maumivu ya moyo wamefika Mahakama Kuu. Wapi! Kesi ya kiwanda cha Urafiki na Masista wa Usambara iliyoripotiwa 2006 ilishamaliza hilo: kinachoangaliwa ni dai mahsusi, yaani kiasi halisi unachodai, fidia ya jumla haihesabiwi. Ila makarani wanaendelea kupokea hati za namna hiyo na kugonga mihuri. Ada ikishaingia, kazi yao imekwisha.

Ninachotaka ni kitu kidogo mno. Kabla ya control number ya ada kutoka, mtu mwenye shahada ya sheria asome hati na ajibu mambo matatu: nani anashtakiwa, kinadaiwa nini, thamani yake ni kiasi gani. Kama shauri si la mahakama hiyo, arudishe hati na kumwonyesha mtu pa kwenda. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu hati kurudishwa ili ipelekwe mahakama inayostahili, lakini wanapenda kufuta, kwa sababu kufuta kunapunguza mlundikano kwenye takwimu zao.

Shahidi wetu mkubwa, yule mwenyekiti wa mtaa wa zamani, sasa hivi anaumwa na kumbukumbu zinamtoka. Alishatoa ushahidi wake akiwa timamu, na ushahidi ule leo si kitu.

Notisi ya siku 90 tumeshaipeleka. Swali kwa wanaojua: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, kifungu cha 21, inaruhusu kutohesabu muda uliopotea kwenye mahakama isiyo na mamlaka kama ulikuwa unahangaika kwa nia njema. Kwa mzee ambaye halmashauri iliingizwa katikati kwa amri ya baraza, muda huo utahesabiwa kuanzia alipofungua dhidi ya kijana, au kuanzia halmashauri ilipoingia? Tafadhali asije mtu kuniambia nimtafute wakili, wakili tunaye, ndiye aliyesema anahitaji kulipwa upya kwa sababu hii ni kesi mpya.