Shati la kitambaa gani kwa joto la ghalani Mtwara?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi cherehani.

Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni kupokea korosho ghalani. Msimu ukianza Oktoba ndipo na joto linakolea: bati juu, unyevu wa bahari, upepo hakuna. Mashati tuliyopewa ni ya poliesta, hayanyonyi jasho. Saa nne asubuhi mgongo umeshaloa, kwapa zinawasha.

Nimejaribu fulana za pamba za mtumba. Zinanyonya vizuri, ila zikiloa hazikauki upesi, zinagandana na mwili. Madukani kila kitambaa eti ni "pamba tupu". Nilichoma uzi wa kimojawapo, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu laini! Nikaondoka zangu.

Fundi wangu ananishauri kitani, nacho bei imechangamka na kinajikunja vibaya.

Je, kwa kazi ya jasho kutwa nzima, kitani kinaizidi pamba nyepesi kiasi cha kustahili bei hiyo? Na pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo inakauka haraka bila kuwasha, au ni yale yale?