Lengo langu kwenye CV limenifanya nichekwe kwenye usaili. Watu wa steshenari mnatumaliza!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Jana nilikuwa na usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi, kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, jina nalihifadhi. Jopo la watu watatu. Mama mmoja wa makamo akachukua CV yangu, akashusha miwani, akaanza kusoma kwa sauti pale juu kabisa, kwenye lengo. Kimombo kimenyooka, kitamu. Kwamba natafuta nafasi yenye changamoto katika taasisi yenye hadhi, ili nitumie ujuzi wangu na kukuza taaluma yangu ya UUGUZI.

Uuguzi, wakuu. Mimi nina diploma ya uhasibu.

Kijana wa pembeni akajifanya anakohoa. Yule mama hata hakucheka, ndiyo ikauma zaidi. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii umeandika mwenyewe?" Nikajibu ndiyo. Yaani uongo mara mbili kwenye usaili mmoja.

Ilikuwaje? Nilipeleka maelezo yangu steshenari moja karibu na stendi, nikalipa elfu tano. Jamaa hakuniuliza hata naomba kazi gani. Alifungua faili la mteja aliyetangulia, akafuta jina akaweka langu, akabadilisha shule, akaprinti. Na mimi nikakagua jina na namba ya simu tu, nikatia kwenye bahasha. Uzembe wangu naukubali, msinisulubu sana.

Ila usiku nimekaa nikajiuliza: hivi angekumbuka kufuta uuguzi akaweka uhasibu, ile sentensi ingekuwa na maana gani? Hakuna! Ingemfaa nesi, dereva, mpishi wa hoteli, mlinzi wa getini. Haina mwenyewe. Halafu yote ni nataka, nataka, nataka. Nataka changamoto, nataka kukua. Mtu katangaza nafasi kwa sababu vitabu vyake vya hesabu vimemwelemea, wewe unamsimulia habari za kukua kwako! Ni kama umemwita fundi bomba, maji yamejaa jikoni, yeye kasimama mlangoni anakueleza ndoto zake za maisha.

Na kinachonichoma ni kwamba nilikuwa na cha kusema. Miaka mitatu duka la jumla Kariakoo. Nilikuwa nafunga hesabu za kila siku, nalinganisha risiti za mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) na mauzo, naandaa ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, iingie TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Bosi hakuwahi kupigwa faini ya kuchelewa mikononi mwangu. Hayo yote yako wapi? Ukurasa wa pili, chini, jirani na "napenda kusoma vitabu na kuangalia mpira". Pale juu, jicho linapotua kwanza, nimempisha nesi nisiyemjua.

Nimeandika upya mwenyewe. CV ni ya Kiingereza, hapa nawawekea kwa lugha yetu: "Mhasibu mwenye diploma na uzoefu wa miaka mitatu wa kufunga hesabu na kuandaa ritani za VAT katika duka la jumla. Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi, nisimamie hesabu za stoo na kodi za kampuni kwa wakati." Basi. Jina la nafasi nimelinakili vilevile lilivyo kwenye tangazo, nilichowahi kufanya kipo, na mwajiri anaona atapata nini. Nikiomba kampuni nyingine itabidi niibadilishe, na hilo ndilo nilikuwa nalikwepa kwa kulipa elfu tano.

Najua kuna mdau atakuja na hoja kwamba mambo ya lengo yamepitwa na wakati, siku hizi watu wanaandika muhtasari wa uzoefu wao. Sikatai. Mwenye miaka 10 kazini aoneshe alichofanya, inatosha. Ila aliyemaliza chuo juzi, au nesi wa kweli anayetaka kuhamia uhasibu (yupo huko aliko, labda CV yake imeandikwa uhasibu), huyo asipoweka mstari wa lengo nani atajua anatafuta nini? Na hizi sifa za "mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma" tuziache jamani. Nani aliwahi kuandika kuwa yeye ni mvivu?

Habari za konekisheni msiniletee humu. Zipo, nazijua, ila jana kilichoniangusha ni kopi na pesti.

Leo asubuhi nimerudi pale steshenari. Jamaa hata hajashtuka. "Mbona wenzako wanapata kazi, kaka?" Kabla sijamjibu kaingia binti na bahasha ya kaki, anataka CV ya kuomba ualimu wa chekechea. Nikamwona jamaa kwa macho yangu anafungua faili lilelile, limeandikwa CV MPYA MPYA 2. Nikamwambia binti, "Dada yangu, kabla hujalipa soma kwanza mistari ya juu."

Nimefukuzwa dukani. Elfu tano sijarudishiwa.