Jiko dogo, makabati yamejaa, nianzie wapi kupunguza vitu?

Mama_Upawa:
Habari zenu wapendwa, naomba maujanja. Jiko langu dogo alafu vitu vimejaa mpaka kero, ukifungua kabati la chini lazima kitu kikudondokee mguuni, droo moja haifungi kuna mwiko umekaa vibaya, na kaunta yote imeshikwa na blenda, trei ya vikombe, dawa za watoto, hadi chaja za simu, yani nikitaka kukata kitunguu nakatia pembeni ya sinki. Nikipanga leo, wiki haiishi imerudi vilevile. Nilikuwa nafikiria ninunue yale makopo ya kufanana na rafu za kuongezea ila mume wangu anasema shida sio makabati, shida ni vitu. Nyie mnaonaje? Alafu kuna seti ya sahani alinipa mama mkwe sijawahi kuzitumia, na kuzitoa siwezi maana akija lazima aulizie. Natanguliza shukrani.

Kabati_Wazi:
Samahani dada ila shemeji kasema kweli 😂 usinunue kopo wala rafu saivi, utanunua vya kuhifadhia vitu ambavyo ungevitoa.

Usimwage jiko zima kwa mpigo, jioni itakukuta sufuria ziko sakafuni na watu wana njaa, utarudisha kila kitu kwa hasira. Chukua kundi moja tu, na mi ningeanza na vibakuli vya plastiki na mifuniko yake. Vimwage vyote mezani, kila kibakuli kitafute mfuniko wake na uufunge kabisa mpaka ubane, usiseme tu "huu nadhani ni wa hiki". Kisicho na mwenzake kinatoka siku hiyohiyo. Kilichopinda kwa moto, chenye mikwaruzo mingi au kinachonuka hata baada ya kuoshwa, nacho kinatoka. Vinavyobaki usivifunge, vipachike kimoja ndani ya kingine, mifuniko uisimamishe wima kwenye boksi kama mafaili, utashangaa nafasi iliyopatikana.

Kingine angalia sufuria unazopikia kweli. Utazikuta kwenye kichanja cha kukaushia vyombo maana zinaoshwa leo na kesho zinatumika tena, kabatini hazifiki kabisa! Zilizoko kabatini ndo za kuulizwa zinafanya nini humo. Ukishapunguza ndo upange kwa kazi, simama mbele ya moto unyooshe mkono, hapo unapofika pakae mwiko, upawa na chumvi. Kisu na kibao cha kukatia vikae karibu na sehemu ya kukatia. Vizito chini, vyepesi vya msimu juu. Kwenye kaunta kibaki kinachotumika kila siku tu, chaja ziende huko sebuleni.

Pilipili_Manga:
Naongezea la viungo na mafuta maana watu wengi wanaviweka kabati la juu ya moto au pembeni yake kabisa. Joto, mwanga na mvuke ndo vinamaliza harufu ya viungo, na mafuta yakipigwa joto muda mrefu yanachacha mapema. Vihamishie kabati lenye giza mbali kidogo na moto. Vya kusaga vinapoteza harufu haraka kuliko vizima, sio kwamba vitakudhuru, ila unapika na vumbi tu. Kujua kama bado vizuri, weka kidogo kiganjani, sugua, nusa, kama husikii kitu mwaga. Na usitikisie kopo la viungo juu ya sufuria inayofuka, mvuke unaingia ndani alafu unashangaa vimeganda mabonge. Chota na kijiko kikavu.

Hayo makopo ukija kununua baadae, kosa kubwa ni kumimina unga mpya juu ya wa zamani, wa chini hauishi na fukusi wanapata makazi. Maliza, osha, kausha kabisa ndo umimine. Kata ile sehemu ya pakiti yenye tarehe uibandike kwenye kopo.

Hapa_Hapa:
Mi hii ya kutoa siku hiyohiyo siipendi sana, utatoa kitu kesho unakihitaji. Vile una mashaka navyo viweke kwenye boksi, andika tarehe, peleka nje ya jiko. Ukifuata kitu humo kinarudi jikoni, ambavyo hujavifuata baada ya miezi kadhaa gawa bila hata kufungua.

Za mama mkwe zitumie kila siku dada! Toa zile zako zilizochubuka ndo ziingie hizo. Akija akute zinaliwa atafurahi kuliko kuziona zimepata vumbi.

Mama_Upawa:
Jamani hilo la sahani sikuliwaza 😅 asanteni. Na chini ya sinki? Kuna viazi, vitunguu na chupa za sabuni nusunusu kibao.

Kabati_Wazi:
Chakula toa chini ya sinki, pana unyevu. Viazi na vitunguu vikae pakavu, penye giza na hewa, ila kila kimoja kivyake, vikichanganywa vinaharibika mapema.

Hizo chupa nusunusu USIUNGANISHE ili kupunguza idadi. Dawa ya klorini (ile ya kung'arisha nguo nyeupe) ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya sumu, na ikikutana na dawa ya kusafishia yenye amonia hivyohivyo. Kila moja iishie kwenye chupa yake yenye lebo, na kama una watoto wadogo zipande juu au kabati lifungwe.

Mama_Upawa:
Nimeelewa. Na mifuko ya plastiki je, maana nayo imejaa humohumo.

Hapa_Hapa:
Chagua mfuko mmoja uwe wa kuwekea mingine, ukijaa basi, iliyozidi inatoka.