Ushauri: flapu za ngozi kwa panya wa maabara, kundi lisilopewa dawa halieleweki

Mwanafunzi wa Kisu
Wakuu, habari zenu. Nasoma uzamili wa upasuaji. Tasnifu yangu inahusu flapu za ngozi, yaani ngozi inayoinuliwa ikabaki imeshikwa upande mmoja tu, ili ikafunike kidonda cha jirani. Nataka kujua kama dawa ya kupanua mishipa inaweza kuokoa ncha ya flapu isife. Nawainulia panya flapu mgongoni, sentimita 3 kwa 10, shina, yaani ule upande ulioshikwa, likiwa upande wa mkia. Shida iko kwa wasiopewa dawa: mmoja flapu inakuwa nyeusi na kukakamaa hadi karibu nusu, mwenzake anapoteza ncha kidogo tu. Nitaipimaje dawa kama hawa wenyewe hawafanani? Nisaidieni kabla sijaomba panya wengine kwa kamati ya maadili.

Mzee wa Nyuzi
Mkuu, ukishainua unairudisha flapu moja kwa moja mahali pake? Kama ndivyo, anzia hapo. Ngozi ya panya ni nyembamba. Ncha ikilala juu ya nyama yenye damu inanyonya kutoka chini kama ngozi ya kupandikiza, na siku chache baadaye mishipa mipya inapenya. Hapo hupimi tena damu inayotoka shinani. Weka karatasi nyembamba ya silikoni chini ya flapu, kwa panya wote, saizi ile ile.

Angalia na kina cha kisu. Chini ya ngozi ya panya kuna msuli mwembamba, panikulasi kanosasi, ambao kwa binadamu umebaki kwa sehemu chache tu. Ukipita juu yake kwa mmoja na chini yake kwa mwingine, umefanya operesheni mbili tofauti. Pita chini yake siku zote.

Usilinganishe asilimia zako na za kila makala. McFarlane na wenzake walipoeleza flapu ya mgongoni mwaka 1965, yao ilikuwa sentimita 4 kwa 10, shina upande wa kichwa.

Daktari wa Mifugo
Naongezea upande wa mnyama. Panya akiwa kwenye nusukaputi anapoa haraka, na akipoa mishipa ya ngozi inabana. Mpashe joto tangu unamlaza mpaka atembee mwenyewe. Kila mmoja akae kizimba chake, kwa sababu wanatafuna flapu, za wenzao na hata zao wenyewe, na ukikuta pameliwa huwezi kujua kama pangekufa. Dawa ya usingizi na ya maumivu ziwe zile zile kwa wote, maana nazo zinagusa mishipa. Na tafadhali, dawa ya maumivu isikatwe ili kulinda matokeo.

Dkt. Bi Salma
Silikoni naikubali, ila mdogo wangu, chini yake hujikusanya maji, na mshono ukifumuka usaha unaingia. Kagua kila siku.

Kuhusu kipimo: chora flapu kwa kiolezo kabla ya kukata, kwa sababu ngozi ya panya ni legevu na ikishainuliwa inajikunja. Siku ya 7 mpaka kati ya hai na mfu huwa umejichora vizuri. Iliyokufa ni ngumu, nyeusi, ukiichoma kwa sindano haitoi damu. Weka plastiki angavu juu yake, fuatisha mpaka kwa kalamu, kisha eneo lililokufa uligawe kwa eneo lote la flapu. Anayefuatisha asijue panya yupi alipewa dawa.

Mwanafunzi wa Kisu
Asanteni sana, kwa kweli nilikuwa situmii silikoni. Dkt. Salma, msimamizi wangu anasema bora nihamie kwa nguruwe. Unaonaje?

Dkt. Bi Salma
Ngozi ya nguruwe imeshikamana na mwili kama yetu, hilo ni kweli. Kwa nguruwe ndipo Milton, mwaka 1970, alipoonyesha kwamba kupanua shina peke yake hakurefushi sehemu inayopona. Kinachoamua ni mishipa iliyomo ndani ya shina. Lakini nguruwe ni gharama kubwa, na swali lako bado ni changa. Baki na panya. Rudia kundi dogo lisilopewa dawa, ukiwa na silikoni, joto na kizimba cha peke yake. Tofauti kati yao ikipungua, itumie hiyo kukokotoa idadi ya kuombea kamati. Huenda ukahitaji wachache kuliko unavyodhani. Na dawa ikifanya kazi, kwenye tasnifu andika kwamba imesaidia flapu ya panya. Mgonjwa wa kuungua anayesubiri wodini bado hujamfikia.