Naomba ushauri: mtoto aanze na filamu ipi ya Star Wars, na zile tatu za mwanzo wa Vador nizifiche?

Jedi wa Katuba
Bandugu, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu ana miaka tisa, anakuja kwangu likizo hii. Tangu azaliwe nangoja nimwonyeshe Star Wars: ya 1977, ya 1980, ya 1983, basi. Shida ni zile za 1999, 2002 na 2005 zinazorudi nyuma kueleza Dark Vador, yule mwovu wa barakoa nyeusi, alitoka wapi. Mimi zilinichoma. Nilikuwa sekondari, dunia imengoja miaka 16, tunaletewa Jar Jar, kiumbe wa mzaha anayejikwaa kila hatua. Na ile Nguvu ya mashujaa wa Jedi, ambayo mzee Obi-Wan, Jedi mwenyewe, aliieleza kama kitu kinachofunga ulimwengu wote, imegeuka vijidudu vya kuhesabu kwenye damu, kama mtu kaenda kupima malaria! Han Solo, yule rubani asiyeamini Nguvu, angecheka. Sasa swali: nizifiche kabisa, au nimwonyeshe mwishoni? Kichwa kinaniuma.

FundiFlashi
Mukubwa, hili lina jibu. Weka 1977 na 1980, rudi 2002 na 2005, malizia 1983. Ya 1999 iruke. Vador anamwambia Luke, kijana shujaa wa zile za kwanza, kuwa ni baba yake kwenye ya 1980. Ukianzia 1999, siri hiyo imekufa kabla haijazaliwa. Kwangu zote sita zipo, picha safi. Njoo na flashi ya GB 32.

Mama Bukari
Weye baba, mutoto anakuya likizo na weye unawaza filme? Minervali, ile feza ya masomo ya Septemba, ulishalipa? Wangu mukubwa alikaa likizo nzima mbele ya televizyo, kurudi masomo hata meza ya saba imemutoka. Mwalimu akaniita mbele ya wazazi wote. Tangu siku ile televizyo inalala na kitambaa juu.

Deklaranti wa Kasumbalesa
Mimi sielewi mnalalamika nini. Ile ya 1999 inaanza na nini? Ugomvi wa kodi za njia za biashara! Meli zimeizingira sayari nzima, mzigo haupiti, wakubwa wamejifungia wanajadiliana. Nilisimama nikapiga makofi. Ndiyo filamu pekee ya anga inayojua kazi yangu ya kupitisha mizigo ya forodha mpakani. Marafiki zangu wote walisinzia, mimi nikasema hapa sasa wameongea. Ila sikuona mtu akidai bordereau, karatasi ya mzigo, hapo ndipo walipodanganya.

Mutoto wa Bukavu
Yaya, kaka yangu, mimi nilizaliwa 1996, na ile ya 1999 ndiyo niliyoanza nayo. Mbio za magari ya kuruka, Darth Maul na upanga wake wa ncha mbili, na muziki wa John Williams pale wanapopigana watatu. Nani alikuwa anahesabu vijidudu? Ninyi mlikuwa mmekua tayari, ndiyo shida yenu. Halafu fikiri: Anakin mwenyewe, yaani Vador kabla hajawa Vador, ana miaka tisa katika ile filamu. Umri wa mtoto wako! Na ndiyo hiyo unataka kumnyima?

Avoka bila Kanzu
Kabla hamjaendelea. Ndugu ameandika "anakuja kwangu". Anatoka kwa nani? Na ameandika "nizifiche". Mtu hafichi kitu ambacho mtoto hajakisikia.

Jedi wa Katuba
Anakaa Kolwezi na mama yake. Haihusiani na filamu.

Avoka bila Kanzu
Inahusiana. Endelea.

Jedi wa Katuba
Haya. Mama yake ameolewa. Bwana wa kule yuko kwenye mgodi, mshahara wake si wangu, na Pasaka alimpa mtoto flashi yenye zile tatu. Tatu hizohizo! Sasa mtoto yuko mezani kwangu anaigiza sauti ya Jar Jar, bukari (ugali wetu) mdomoni. Nimemwekea ya 1977, ananiambia, "Papa, hii ni ya nne," maana kwake ya 1999 ndiyo ya kwanza. Wamefika kwenye pigano la Vador na Obi-Wan, anauliza mbona wazee hawa wanapigana polepole hivyo. Nimengoja miaka tisa nisikie hilo.
Usiku nilizifuta kwenye flashi. Nimemwambia virusi. Na kabla hamjanirukia: flashi ile kweli ilikuwa na virusi, kompyuta yangu ni shahidi.

Mama Bukari
Eeeh! Kumbe filme haikukuchoma. Ni yule bwana njo anakuchoma.

Jedi wa Katuba
Mama, na heshima yote: hizi filamu nilizikataa kabla mtoto hajazaliwa, kabla sijamjua mama yake. Muulizeni yeyote Katuba. George Lucas, aliyeitunga Star Wars, aliongoza zote tatu mwenyewe na hakuna aliyemwambia hapana. Ile ya 1980 iliyo bora kuliko zote aliongoza Irvin Kershner. Na yale maneno ya Anakin kuhusu mchanga katika ya 2002, anamtongoza binti kwa kulalamikia mchanga! Ningemtongoza mama yake mtoto hivyo, angenifukuza.

Deklaranti wa Kasumbalesa
Na mwishowe hakukufukuza? Hahaha, samahani, mukubwa.

Mzee Kaseti
Mimi nasoma tu tangu juu, na naona hadithi ya kutunga. Moja: posti ya kwanza mtoto "anakuja", ya tatu mtoto yuko mezani anakula. Mbili: mtu aliyekulia Lubumbashi na sauti ya Kifaransa ya 1977 anasema Yan Solo, wala hasemi Han. Huyu anasema Dark Vador kwa Kifaransa na Han kwa Kiingereza. Tatu: 1999 nchi ilikuwa vitani, nani alikuletea filamu mpya Katuba? Nahisi kuna mtu amechukua malalamiko ya Wamarekani akayatia bukari.

Jedi wa Katuba
Amefika Jumapili, niliandika kabla. Kaseti zetu zilitoka Zambia, za Kiingereza. Vador hapa kila mtu anamwita Dark, hata asiyejua filamu. Na sikusema niliiona 1999 hiyohiyo.

Deklaranti wa Kasumbalesa
Kwa hilo la Zambia namtetea. Vita au si vita, kaseti zilipita. Zilipita chini ya unga.

Mama Bukari
Ni kweli. Kaka yangu alikuwa na sale ya video, nyumba ya kuonyeshea filme, kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, si ile inchi. Kaseti ya Kiingereza, hakuna anayesikia neno, basi kaka anasimama pembeni ya televizyo anaeleza kwa Kiswahili. Kumbe hata yeye hasikii! Alikuwa anatunga. Watu walilia kwa maneno ya kaka yangu.

Mzee Kaseti
Sale ile naijua! Karibu na soko? Yule bwana alituambia Vador ni mjomba wa Luke.

Mama Bukari
Njo yeye! Hahaha.

Mutoto wa Bukavu
Mkimaliza ya mjomba, nina neno. Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar, alieleza 2018 kwamba chuki ile ilimsukuma karibu ajiue. Alikuwa kijana aliyefanya kazi aliyopewa. Mwaka 2023 alirudi katika The Mandalorian, mfululizo wa televisheni wa Star Wars, akiwa Jedi, anamwokoa mtoto. Muonyeshe mwanao hiyo, yaya.

Jedi wa Katuba
Sina ugomvi na Best. Nina ugomvi na aliyemwandikia. Na mtoto tangu asubuhi ananidai flashi, nimesema iko kwa fundi. FundiFlashi, uko upande gani? Nataka ya 2002 na 2005 tu.

FundiFlashi
Siuzi mbili. Zinakwenda zote sita pamoja.

Jedi wa Katuba
Nilipe sita, uitoe ya 1999.

FundiFlashi
Kutoa ni bei nyingine.

Mzee Kaseti
Yule kaka wa Mama Bukari bado yupo? Tumwombe aieleze ya 1999.