Mrejesho: mshipa wa shingo wa mzee wangu, ule "uliobanwa kidogo tu"

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu mzee wangu wa Arua: jicho la kushoto liliingia giza kama dakika 10, mkono wa kulia ukalegea, kisha vyote vikarudi sawa. Altrasaundi ilionyesha mshipa wa shingo wa kushoto umebanwa 40%, tukaambiwa si kitu. Nyinyi mkasisitiza nisitazame asilimia peke yake, niulize utando wenyewe (yale mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa ndani wa mshipa na kuubana) ukoje.

Tulipanda basi la usiku hadi Kampala. Daktari wa picha alirudia altrasaundi, akanionyesha kwenye skrini: utando mgumu wenye chokaa hung'aa mweupe, ila wa mzee ulikuwa mweusi, dalili ya mafuta laini au damu, na sehemu ya juu ya utando huo imechubuka. Akaagiza MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya shingo. Humo sehemu ya ndani ya utando iling'aa sana: damu ilikuwa imevujia ndani yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Utando wa namna hiyo unaweza kupasuka, vipande vikapanda hadi kwenye jicho au ubongo, hata kama njia ya damu bado ni pana. Nililia pale koridoni.

Upasuaji hawakuushauri kwa sasa. Mzee anameza aspirini na atovastatini (dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu), presha tunampima kila asubuhi, na sigara ameacha (mama ndiye aliyezitupa). Picha itarudiwa baada ya miezi 6. Asanteni sana. Bila nyinyi tungebaki na lile jibu la kwanza.